Siku ya kwanza ya trauti ziwani, ndoana inaporudi tupu

Jumamosi ya nne ya Aprili ndiyo siku ambayo maziwa mengi ya nyanda za chini katika jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani, hufunguliwa kwa uvuvi wa trauti. Saa kumi na moja alfajiri ukingo wa North Lake, karibu na Federal Way, una watu tayari: koti juu ya koti, ndoo zilizopinduliwa kuwa viti, chai kwenye chupa. Kati yao tumo na sisi tuliokulia kando ya Ziwa Viktoria au pwani, tunaoishi siku hizi katika miji ya kusini mwa Seattle. Kuvua tunajua. Ila tunafika na mazoea ya sangara, sato na changu, na trauti wa maji baridi ana mambo yake.

Nimeandika haya kwa kufuata dalili, yaani kile unachokiona kwenye ndoana, kwenye mshipi na juu ya maji, kwa sababu mvuvi aliyekwama hahitaji orodha ya chambo vyote vya dukani. Anahitaji kujua kwa nini hiki alichonacho hakifanyi kazi. Na kabla hujafungua kisanduku ujibu maswali mawili: samaki wa ziwa hili jana alikula nini, na alikula kwenye kina gani?

Siku ya ufunguzi ziwani huwa na trauti wa makundi mawili, japo wote ni trauti upinde, wale wenye mstari wa waridi ubavuni. Kundi la kwanza ni wageni. Wamelelewa kwenye mabwawa ya kuzalishia samaki, wakalishwa chakula cha punje, kisha wakaletwa kwa lori majuma machache au hata siku chache kabla ya ufunguzi. Wengi wana urefu wa sentimita 28 hadi 30. Hawa hutembea kwa makundi karibu na ukingo na karibu na uso wa maji, na wanafuata harufu. Kundi la pili ni wenyeji: waliwekwa wakiwa vifaranga, au walinusurika msimu uliopita. Wamekua kwa kula wadudu, ruba na viroboto maji. Nyama yao mara nyingi ni nyekundu zaidi, na hawadanganyiki kirahisi. Chambo kinachomvuta mgeni kinaweza kumpita mwenyeji kama jiwe.

Hakuna anayegusa, na jirani anaopoa

Hii ndiyo dalili inayouma kuliko zote, na karibu kila mtu anaikosea kwa namna moja: anabadilisha rangi ya chambo. Waridi haikufanya kazi, anaweka kijani. Kijani imekataa, anaweka njano yenye kumetameta. Rangi iwe ya mwisho kuishuku. Anza na kina, kisha unene wa mshipi, kisha ukubwa wa ndoana.

Wavuvi wengi wa ukingoni hutumia unga wa kuelea, PowerBait na mfano wake. Namna ya kuufunga ni hii: chubwi yenye tundu, ya gramu 7 hivi, inateleza kwenye mshipi mkubwa, chini yake kuna kile kiungo kidogo cha chuma kinachozunguka, swiveli, kisha kishipi chembamba, kisha ndoana. Chubwi inalala chini, unga unapanda. Unapanda mpaka wapi? Mpaka pale kishipi kinapouruhusu. Kishipi cha sentimita 45 kinauweka unga sentimita 45 kutoka kwenye tope, hata kama samaki wote wanapita mita moja na nusu juu yake. Basi usibadilishe unga. Ongeza kishipi kiwe sentimita 75, ukae dakika kumi na tano, kisha mita moja na zaidi. Mkiwa wawili, mmoja afunge kifupi na mwingine kirefu, mtajua mapema zaidi. Aprili maji bado hayajajipanga kwa tabaka za joto na baridi kama yanavyofanya wakati wa kiangazi, kwa hiyo trauti hana sababu ya kukimbilia kilindini.

Lakini hakikisha kwanza kwamba unga wako unaelea kweli. Chota maji ya ziwa ndani ya kikombe, tumbukiza ndoana ikiwa na donge lake, uangalie. Donge la ukubwa wa njegere juu ya ndoana ya meno matatu namba 16 (namba ikikua, ndoana inakuwa ndogo) litapanda na kukaa juu. Donge hilohilo juu ya ndoana namba 8 litashuka taratibu mpaka kwenye kitako cha kikombe. Nimeona watu wakikaa saa tatu nzima na chambo kilicholala kwenye majani yaliyooza, na mitaani wangeapa kwamba ziwa halina samaki. Tena, unga uliopoa sana hukatikakatika ukiufinyanga. Weka kopo kwenye mfuko wa ndani wa koti, lowesha vidole, finyanga mpaka donge liwe laini na lifunike meno yote ya ndoana.

Unene wa mshipi niliujua kwa gharama. Mwaka wangu wa kwanza nilikwenda na shemeji yangu, kila mmoja na mshipi wa pauni 20 tuliozoea, yaani unaohimili uzito huo kabla ya kukatika, na ndoana ambazo zingeshika sangara. Mpaka saa nne asubuhi hatukuwa na hata mdokoo. Mzee mmoja aliyekaa upande wa kushoto, ambaye alikuwa ameshatimiza samaki wake watano wa siku, alikuja akaushika mshipi wangu kati ya kidole gumba na cha shahada, akaupitisha pole pole kama mtu anayekagua uzi wa nguo. Kisha akafungua rili yake, akakata kiasi cha mita moja ya mshipi ambao sikuuona vizuri mpaka ulipopigwa na jua, akanipa pamoja na ndoana moja ndogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho. Dakika ishirini baadaye fimbo yangu iliinama. Shemeji aliomba mita moja na yeye.

Maji ya maziwa haya mara nyingi ni maangavu. Mshipi mkubwa wa pauni 6 unatosha, na kishipi kiwe cha pauni 4 au hata 2, cha florokaboni ukikipata, kwa sababu hakionekani sana majini kama nailoni ya kawaida. Legeza breki ya rili ili samaki akikimbia mshipi utoke kabla haujakatika.

Kama umepima kina, umepunguza unene, na bado kimya kwa saa nzima, basi hama. Wageni wanatembea kwa makundi. Mahali kundi lilipopita saa kumi na mbili panaweza kuwa patupu saa moja. Angalia upepo unasukuma wapi maji ya juu, angalia mdomo wa kijito, angalia kando ya gati au penye lami ya kushushia mashua, ambako ni kawaida lori la samaki kusimama. Hapo ndipo rangi ya unga inaweza kuingia kwenye mazungumzo.

Wanadokoa, wanaacha

Ncha ya fimbo inatikisika mara mbili tatu, unavuta, hakuna kitu. Toa chambo ukikague, maana kinaeleza. Nyungunyungu aliyekatwa mkia sawasawa, huku kichwa kikiwa bado kwenye ndoana, alitundikwa kwa urefu kupita kiasi. Samaki anakula sehemu isiyo na ndoana. Mkate vipande vya sentimita tatu, au mvushe ndoana mara tatu na uache mkia mfupi tu ukicheza. Donge la unga lililobaki na alama za kung'atwa upande mmoja ni kubwa mno, lipunguze nusu.

Kama chambo kimerudi kizima kabisa, tatizo ni mkono au mshipi. Trauti katika maji ya nyuzi joto 8 hadi 10 hana haraka. Anachukua, anaonja, anatembea nacho. Akihisi uzito anatema. Ndiyo maana chubwi iteleze: mshipi upite ndani yake bila kumwambia samaki kwamba kuna kitu kimefungwa. Acha mshipi ulegee kidogo baada ya kuutega, utazame mshipi wenyewe pale unapoingia majini kuliko ncha ya fimbo. Ukianza kunyooka na kuendelea kunyooka, ndipo unyanyue fimbo. Kunyanyua, si kukwanyua; mdomo wa trauti ni laini.

Mdokoo wa haraka haraka usiokoma, kama mtu anayebisha mlango kwa ukucha, mara nyingi si trauti. Ni pachi wa njano wadogo wanaokaa chini. Inua chambo juu zaidi, wataachana nacho.

Wanafuata kijiko mpaka miguuni, kisha wanageuka

Kijiko ni kile kibamba cha chuma kinachometa, chenye ndoana mwishoni. Ukiona samaki wanakifuata hivyo furahi, kwa sababu umeshapata mahali na kina. Kinachobaki ni mwendo na ukubwa. Katika maji ya Aprili karibu wote tunazungusha rili kwa kasi mno, na baridi ya vidole inazidisha. Zungusha polepole kiasi kwamba kijiko kinayumba badala ya kuzunguka, halafu simamisha kwa hesabu ya mbili, kianguke, endelea. Wengi hukichukua kinapoanguka.

Kama bado wanageuka, shuka ukubwa. Kijiko cha gramu 7 kiwe cha gramu 3.5, spina, chambo chenye kibamba kinachozunguka, ya namba 2 iwe namba 0. Nina Kastmaster, aina ya kijiko, moja ndogo ya rangi ya dhahabu iliyochunika mpaka shaba inaonekana, na nimeshuhudia ikichukuliwa pale ambapo mpya ya fedha ilifuatwa tu. Mazoea ya wavuvi wengi wa huko ni fedha kwa jua kali, dhahabu au shaba kwa mawingu na maji ya rangi ya chai. Mimi nayafuata, lakini baada ya kurekebisha mwendo.

Kama hawafuati hata kidogo, rudi kwenye kina. Tupa, na kabla hujaanza kuzungusha hesabu mpaka tatu. Mara nyingine mpaka sita, kisha tisa. Ukigongwa kwenye sita, kila mtupo unaofuata uanze na sita. Bila kuhesabu, hata ukimpata mmoja hutajua ulimpata wapi.

Kwa wenye mashua wanaokokota chambo nyuma, ziwa lenyewe linatoa jaribio zuri. Usiende kwa mstari ulionyooka. Pinda kushoto na kulia. Mashua inapopinda, mshipi wa upande wa nje unaenda kasi na chambo chake kinapanda. Wa upande wa ndani unapungua kasi na chambo chake kinazama. Angalia ni upi uliogongwa. Ukiwa wa ndani mara mbili mfululizo, unakwenda kasi mno au uko juu mno. Mwendo wa kilomita 2 kwa saa unatosha, polepole kuliko mtu anayetembea kwa miguu. Mlolongo wa mabamba yanayometa, kisha kishipi cha nusu mita, kisha nyungunyungu, ni mtego wa siku nyingi na bado unawavuta wageni na wenyeji pia.

Mshipi unajisokota

Umefunga spina moja kwa moja kwenye mshipi. Weka swiveli nusu mita juu yake. Mshipi ulioshajisokota uachie nyuma ya mashua inayokwenda, bila chochote mwishoni, ujifungue wenyewe. Wa ukingoni ukate mita zilizoharibika, usihangaike nao.

Wanaruka kila upande na hawataki chochote

Aliyekulia Mwanza, Musoma au Kisumu anayajua yale mawingu ya wadudu yanayonyanyuka ziwani kama moshi, yakija nchi kavu yanajaza taa na madirisha. Visubi wa maziwa ya Washington ni ndugu zao. Wao hawatoki kwa mawingu makubwa namna ile, lakini Aprili na Mei ndio mkate wa kila siku wa trauti mwenyeji.

Nilishawishika siku niliyompasua samaki mmoja wa Clear Lake, karibu na Eatonville, aliyekuwa na mapezi mazima na ubavu wenye rangi kali. Nililifungua tumbo lake juu ya kifuniko cheupe cha kopo na kumwagia maji kidogo. Yakatawanyika mamia ya vitu vyeusi, kila kimoja kirefu kama punje ya mchele iliyovunjika, vimepinda kidogo, na kwenye kichwa cha kila kimoja uzi mweupe mfupi. Hakukuwa na kingine chochote. Asubuhi nzima nilikuwa nikiwatupia samaki wa namna hiyo donge la waridi.

Buu la kisubi huishi ndani ya tope; aina nyingi ni nyekundu kwa sababu zina damu inayoshika oksijeni, maana chini kule hewa ni haba. Wakati ukifika linageuka bundo, gesi inajikusanya chini ya ngozi yake mpaka linameta kama fedha, na linapanda polepole mpaka juu, ambako mdudu anatoka na kuruka. Kinachoruka tunakiona, na tunadhani ndicho kinacholiwa. Trauti anakula wale wanaopanda. Mgongo unaouona ukivunja maji ni wa samaki aliyekula sentimita 20 chini ya uso.

Basi chambo kiwe nzi bandia wa namna hiyo: ndoana namba 12 hadi 16, uzi mweusi au mwekundu uliokolea, waya mwembamba wa shaba uliozungushwa juu yake, na kishungi cheupe kichwani. Huhitaji fimbo maalumu ya kurushia nzi. Fimbo ya kawaida na boya dogo vinatosha. Pima kina kwanza: bana kitu kizito kama koleo dogo kwenye ndoana, shusha mpaka kiguse tope, sogeza boya ulisawazishe na uso wa maji, kisha lirudishe chini sentimita 30. Sasa nzi anakaa nusu ya mkono juu ya tope, mahali wanapoanzia safari. Kama samaki wanavunja maji juu, mpandishe akae chini ya uso kwa sentimita 30 hadi 60.

Halafu usifanye lolote. Hapa ndipo tunaposhindwa, kwa sababu mikono imezoea kuvuta. Bundo la kisubi halikimbii. Mawimbi madogo yanayolitikisa boya yanatosha kumpa nzi wako uhai. Boya likizama hata nusu, au likisimama wakati upepo unasukuma mengine, nyanyua.

Wakati hakuna visubi wanaotoka, nzi wa pili wa kuwa naye ni Woolly Bugger wa rangi ya zeituni au mweusi, namba 8 au 10. Majini anafanana na ruba, na pia na mtoto wa kereng'ende. Huyu ndiye wa kuvutwa, taratibu, kando ya majani yaliyozama. Nyuma ya mashua ya makasia anakwenda vizuri akiwa na punje moja ya chubwi mbele yake.

Waliuma alfajiri, kuanzia saa nne kimya

Jua limepanda, mashua hamsini zimepita juu yao, na wageni walio wepesi wameshaopolewa. Waliobaki wamesogea mbali kidogo na wamekwenda chini mita mbili tatu. Sogeza kina, punguza ukubwa wa kila kitu, tupa mbali. Ni saa nzuri pia ya kuhamia visubi, kwa sababu wengi wao hutoka maji yanapopata joto la mchana. Mwenye unga abadilishe donge kila nusu saa. Likikaa sana harufu imekwisha.

Amemeza mpaka tumboni

Chambo cha kuliwa humezwa, kijiko na nzi bandia mara nyingi hushika mdomoni. Kwa hiyo uamuzi wa chambo ni uamuzi wa nini utafanya na samaki. Ukikusudia kuwarudisha baadhi, acha unga na nyungunyungu nyumbani, tumia ndoana moja iliyobanwa kile kijino chake cha kuzuia isichomoke, na mshike samaki kwa mikono iliyolowa. Samaki aliyemeza ndoana usimchokonoe ukitaka kumrudisha. Kata kishipi karibu na mdomo.

Kanuni za Washington zinalitazama jambo hili kwa uzito. Trauti aliyevuliwa kwa chambo huhesabiwa kwenye idadi yako ya siku, ambayo katika maziwa mengi ni watano, hata ukimrudisha. Na chambo kwa mujibu wao ni kitu chochote kinachovuta samaki kwa harufu au ladha. Ukipulizia manukato ya samaki kwenye kijiko chako, kijiko hicho kimekuwa chambo. Kwenye maziwa yanayokataza chambo utakuwa umevunja sheria bila kujua. Leseni inahitajika kuanzia umri wa miaka 15, na mwaka wake huanza Aprili mosi, hivyo ya mwaka jana imeshaisha kabla ya siku ya ufunguzi. Kijitabu cha kanuni hutolewa upya, na ziwa lile lile linaweza kubadilishiwa tarehe au masharti. Lisome ziwa lako kwa jina lake Ijumaa jioni, ndipo ufunge ndoana.